Kijiti Kimoja kwa Siku: Kuchora Bei za Hisa kwenye Excel

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine hamjambo. Nashukuru mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja na kompyuta zenu.

Mwenye hisa wa kawaida huuliza swali moja jioni: imefunga ngapi? Akijibiwa shilingi 17.60, anaridhika. Lakini hisa inaweza kufunga 17.60 baada ya siku tulivu iliyocheza kati ya 17.55 na 17.65, au baada ya siku ya vuta nikuvute iliyoishusha hadi 16.80 na kuipandisha hadi 18.10. Kwenye grafu ya mstari wa kawaida, siku hizo mbili hazina tofauti yoyote. Kijiti cha bei ndicho kinachozitenganisha. Kinasimama wima: ncha ya chini ni bei ya chini kabisa ya siku, ncha ya juu ni bei ya juu kabisa. Kikono cha kushoto ni bei ya kufungulia, kikono cha kulia ni bei ya kufungia.

Kazi kubwa haiko kwenye kuchora. Iko kwenye jedwali. Safu wima zipangwe hivi: tarehe, bei ya kufungulia, ya juu, ya chini, ya kufungia. Ukitaka pia idadi ya hisa zilizouzwa, safu yake ikae kati ya tarehe na bei ya kufungulia. Excel haisomi vichwa ulivyoandika ili ijue ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Inafuata mpangilio tu.

Sasa tazameni safu ya tarehe kwa karibu. Sisi huandika siku kwanza, mwezi baadaye. Kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia. Ukiandika 05/03 ukimaanisha tarehe tano Machi, kompyuta hiyo inasoma tarehe tatu Mei, wala hailalamiki. Ukifika 25/03 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, hivyo inaiacha kama maandishi ya kawaida, si tarehe. Dalili iko machoni penu: tarehe iliyoeleweka hujisogeza upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Mkiona safu moja ina zinazokaa kulia na zinazokaa kushoto, simameni hapo hapo. Badilisheni mipangilio ya eneo ya kompyuta, kisha mwingize data upya, kwa sababu zile za kulia nazo zimeshapotoshwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Orodha ya bei ya kila siku ya Soko la Hisa la Nairobi, ile mnayotumiwa na madalali, ina bei ya juu, ya chini, bei ya jana, idadi ya hisa, na bei ya wastani uliopimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Bei ya kufungulia haimo. Wengi wanachukua bei ya jana na kuijaza kwenye safu ya kufungulia ili chati ikubali. Chati inakubali, ndiyo, lakini kikono cha kushoto sasa kinasimulia biashara ambayo haikufanyika asubuhi hiyo. Nawasihi msifanye hivyo. Excel ina chati ya hisa ya namba tatu: juu, chini, kufunga. Tumieni hiyo. Halafu mkumbuke kwamba bei ya kufunga ya Nairobi ni ule wastani, si bei ya mauzo ya mwisho. Ndiyo maana kikono cha kulia mara nyingi kitakaa katikati ya kijiti. Mwalimu wa intaneti anayefundisha soko la New York atawaambia kwamba kufunga karibu na ncha ya juu ni ishara ya nguvu za wanunuzi dakika za mwisho. Kwa wastani wa siku nzima, usomaji huo hausimami.

Kuchora kwenyewe ni kwepesi. Chagueni jedwali zima pamoja na vichwa, nendeni kwenye sehemu ya kuingiza chati, mtafute kundi la chati za hisa. LibreOffice Calc, programu ya majedwali ambayo ni ya bure, inalo kundi hilo pia.

Mwenye namba zote nne, pamoja na bei ya kufungulia, atashangaa kuona Excel imemchorea visanduku badala ya vikono: cheupe siku bei iliyopanda, cheusi siku iliyoshuka. Anayetaka vikono halisi atumie chati ya nukta. Mhimili wa mlalo upewe namba za mfululizo, 1, 2, 3. Kisha atumie ile mistari ya kuonyesha kiasi cha kosa la kipimo, ambayo wanasayansi huiweka kwenye nukta zao: kwenye bei ya kufungulia mstari uende kushoto kwa 0.3, kwenye bei ya kufungia uende kulia kwa 0.3, na kwenye bei ya juu ushuke kwa tofauti ya juu na chini. Nukta zenyewe zifichwe.

Kwenye chati ya hisa yenye tarehe mtaona mapengo ya Jumamosi na Jumapili. Geuzeni mhimili wa tarehe uwe wa maandishi, yatatoweka. Mhimili wa bei hauhitaji kuanzia sifuri, kwa kuwa kijiti hupimwa kati ya ncha zake mbili, si kutoka sakafuni.

Siku ambayo hisa haikuuzwa kabisa, na kwenye soko letu zipo, acheni seli wazi. Pengo hilo ni habari: linamwonya anayetaka kuuza haraka. Msiweke sifuri, wala fomula inayorudisha maandishi yasiyo na herufi yoyote, kwa maana chati huihesabu kuwa sifuri, na kijiti kitaporomoka hadi chini.

La mwisho ni mgawanyo wa hisa. Mwaka 2009 hisa moja ya benki ya Equity iligawanywa ikawa kumi. Asiyejua, akichora bei za mwaka huo kama zilivyo, ataona benki imeanguka kwa asilimia tisini kwa usiku mmoja, ilhali hakuna mwenye hisa aliyepoteza hata shilingi kwa mgawanyo huo. Gawanyeni kwa kumi bei zote za kabla ya siku hiyo, za kila safu, na idadi ya hisa zilizouzwa mzizidishe kwa kumi. Fanyeni hivyo kwenye safu mpya pembeni, na bei za awali zibaki kama zilivyochapishwa, ili mwenzenu mwingine aweze kukagua hesabu yenu.

Sasa fungueni kompyuta, tuanze na safu ya tarehe.