Utulivu wa Wanaoishi na Theluji

(Mhadhara mbele ya wakulima na wafugaji, Kitale)

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo?

Mtu akichoshwa na mji huota mlima: kibanda, moto, theluji nje, simu imezimwa. Simlaumu. Ila waliozaliwa huko hawakupata utulivu kwa kukwepa kazi. Twendeni Törbel, kijiji cha Uswisi katika jimbo la Valais, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa Kitale tuko juu zaidi yao, lakini tuko karibu na ikweta. Kwao, majira ya baridi yakiingia, theluji hufunika malisho kwa miezi, na ng'ombe hana pa kupeleka mdomo.

Kwa hiyo wakati wa joto walikata nyasi kwa mundu wa mpini mrefu, wakazianika, wakazigeuza zikauke hadi chini, wakazibeba mgongoni mteremkoni. Ghala huwa juu, zizi chini yake. Nyasi huteremshwa kwa kipimo, asubuhi na jioni. Mwenye nyumba akilitazama lile rundo theluji inapoanza, anajua ni ng'ombe wangapi watakaofika msimu wa majani mapya.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonileta. Mwaka 1517 wanakijiji wa Törbel waliandika sheria: asipeleke mtu kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Tajiri hakuweza kununua kundi bondeni, akalipandisha likamaliza majani ya wote. Hata jibini iliyotengenezwa huko juu iligawanywa kulingana na ng'ombe wa kila mmoja. Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikitaja kijiji hiki kuonyesha kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe. Na kule Andermatt, kijiji kingine cha Uswisi, tangu 1397 ni marufuku kukata msitu ulio juu ya kijiji, kwa kuwa miti ndiyo inayozuia theluji isiporomokee nyumba.

Kwangu mimi, amani yao inatoka hapo. Usiku theluji ikimwagika, mtu analala: chakula cha mifugo kipo, na jirani hajamzidi ujanja. Sisemi ni maisha matamu. Baridi ile inaua, na vijana wengi wa milima hiyo walihama kutafuta kazi.

Vilele vya Elgon navyo hupata theluji mara mojamoja, ikayeyuka. Huko Chepkitale, wenzetu Waogiek wameandika kanuni zao za kutunza mlima, na kuchoma makaa kumekatazwa. Kwa hiyo tusiseme mambo haya ni ya Wazungu.

Baridi yetu sisi ni kiangazi, Desemba hadi Machi. Mabua ya mahindi tunayaacha yaozee shambani, halafu Februari tunanunua nyasi kwa bei ya kuumiza, au tunamtoa ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa. Mwaka huu, kabla hujaongeza ndama, hesabu kwanza mabua yako. Tuifanye hesabu hiyo hapa hapa, pamoja. Nani ana ekari moja ya mahindi, na ng'ombe wangapi?