Daktari Aliyenifokea Saa Kumi Alfajiri

Jamani watu wa nyumbani, salamu kutoka Leicester. Msiangalie haya macho, nimetoka zamu ya usiku hospitalini sasa hivi, hata koti sijavua.

Saa kumi alfajiri, mzee wa kitanda cha dirishani presha ilishuka. Daktari akaitwa. Mmoja, wodi nne. Akaja mbio, kile kidude cha kiunoni cha kumwita kinalia, mfukoni ana kipande cha mkate alichokiuma mara moja tu. Nikamuuliza, "Nimwinue miguu?" Akanifokea: "Si nimeshakwambia ndiyo!" Wallahi hakuwa ameniambia chochote. Alidhani amesema.

Nikamkumbuka mama, mwaka juzi, hospitali moja huko kwetu Kenya. Alitoka analalamika: "Yule kijana hata usoni hakunitazama. Anaandika tu." Nami huku kwenye simu nikamporomoshea daktari matusi, eti hana malezi. Sikuuliza yuko zamu tangu lini. Kwetu daktari mwanagenzi kuingia Jumamosi asubuhi akatoka Jumapili jioni si hadithi. Na ndiye huyohuyo ambaye 2024 serikali ilitaka kumlipa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mkataba wa madaktari na serikali wa 2017 unasema 206,000. Madaktari wakagoma, mgomo ukaenda siku 56. Sasa mtu huyo glavu zimeisha, foleni imefika getini, halafu tunamdai tabasamu?

Sisemi wote ni malaika. Wapo wenye dharau zao, hata umlaze wiki nzima ataamka nazo.

Huku England zamu ya daktari aliye bado mafunzoni haitakiwi kupita saa 13. Ikipita anaandika ripoti, na kuna mtu aliyewekwa kuzifuatilia. Sheria nzuri, nakubali. Lakini inahesabu saa. Wagonjwa wangapi wanamngoja mtu mmoja ndani ya saa hizo, hapo ndipo penye kasheshe, na nyinyi mmeona hata hawa wamegoma mara kwa mara tangu Machi 2023.

Basi, kwenye saa kumi na mbili na nusu akarudi kumwangalia mzee. Presha imepanda, mzee anaulizia chai. Daktari akanigeukia, "Hivi nilikufokea?" Nikamwambia ndiyo. Akajitupa kwenye kiti cha wageni, akatoa ule mkate, umekauka kama kigae, akautafuna hivyohivyo. Kidude kikalia tena.

Haya, mimi nalala. Mama, kama unanitazama, nitakupigia jioni.