Ubongo wa Terosauri na Miamba Yetu ya Manda

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa sayansi, Iringa

Kamwene! Walimu wenzangu, wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie terosauri, wale reptilia walioruka angani enzi za dinosaria. Wao wenyewe si dinosaria, ni ndugu zao wa karibu. Ndio wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo kuruka kwa kupiga mabawa, mamilioni ya miaka kabla ya ndege na popo. Bawa lao lilikuwa ngozi iliyotandazwa kutoka ubavuni hadi ncha ya kidole cha nne, kidole kilichorefuka kupita kiasi. Mwaka 1784 Cosimo Collini alipoeleza mifupa ya kwanza, iliyotoka kwenye chokaa ya Bavaria, Ujerumani, alidhani ni mnyama wa baharini. Georges Cuvier ndiye aliyetambua, mwaka 1801, kwamba ni reptilia aliyeruka.

Leo nataka tuingie ndani ya fuvu lao. Najua kuna mtu ameshajiuliza: ubongo ni nyama laini, huoza mapema kuliko karibu kiungo kingine chochote, na terosauri wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Huo ubongo nani kauona?

Hakuna aliyeuona. Kinachoonekana ni chumba cha mfupa ulimokaa. Kwa mamba au mjusi chumba hicho hutusaidia kidogo, kwa sababu ubongo wake haukijazi. Kuna nafasi kubwa kati yake na mfupa. Kwa ndege mambo ni tofauti. Walimu, siku mkichinja kuku, hifadhini kichwa, kichemsheni, kisha mpasue fuvu kwa urefu. Mtaona jinsi ukuta wa ndani ulivyofuata mikunjo ya ubongo. Terosauri walikuwa hivyo hivyo. Ubongo ulikaza dhidi ya mfupa ukaacha umbo lake, na mnyama alipokufa, tope likaingia mle ndani likageuka jiwe. Jiwe hilo lina sura ya ubongo.

Mwaka 1888 mwanajiolojia wa Uingereza, E. T. Newton, alieleza fuvu la terosauri lililotoka karibu na Whitby, Yorkshire, pamoja na umbo la ubongo lililokuwa ndani yake. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma ni mwanamke, Tilly Edinger, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1897. Kitabu chake kuhusu bongo za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kilitoka mwaka 1929. Alikuwa Myahudi. Wanazi walipotwaa nchi, aliendelea na kazi kimyakimya katika makumbusho ya Senckenberg hadi alipofungiwa mlango mwishoni mwa 1938. Mwaka 1939 alikimbilia London, kisha Marekani, akapokewa Harvard. Mwaka 1941, katikati ya vita, alichapisha andiko lake juu ya ubongo wa terosauri aitwaye Pterodactylus. Wasichana mlioko hapa, mkiambiwa sayansi hii ina wazee wake, mjue mkuu wao ni mama huyu.

Tatizo la enzi za Edinger lilikuwa moja: ilibidi usubiri fuvu lipasuke lenyewe, au ulivunje. Leo tunatumia sitiskani, mashine ya mionzi iliyopo kwenye hospitali kubwa za rufaa, ingawa za visukuku mara nyingi huwa na nguvu zaidi. Mwaka 2003 Lawrence Witmer na wenzake watatu walipitisha kwenye mashine mafuvu mawili: la Rhamphorhynchus, terosauri mwenye mkia mrefu wa Ujerumani, na la Anhanguera, jitu la Brazil. Wakajenga kwenye kompyuta bongo zao pamoja na masikio ya ndani.

Walichokikuta bado kinanishangaza kila nikikirudia. Kando ya serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha mwendo, kuna kipande kiitwacho flokulasi. Kwa ndege kipande hiki huchukua asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa ubongo. Kwa terosauri hawa kilifikia asilimia 7.5. Kimejitokeza nje kikapenya katikati ya kitanzi cha mifereji ya nusu duara ya sikio, ile inayopima mgeuko wa kichwa.

Kazi yake mnaweza kuionja hapo mlipokaa. Nyosheni kidole mbele ya uso. Tikiseni kichwa kushoto na kulia haraka, macho yakiwa kwenye kidole. Kidole kinaonekana vizuri, sivyo? Sasa tulizeni kichwa, mkitikise kidole kwa kasi ileile. Kimekuwa ukungu. Kichwa kinapogeuka, sikio la ndani huupa ubongo taarifa na macho hugeuzwa upande wa pili papo hapo. Flokulasi ni mshiriki mkubwa katika kazi hiyo. Fikirini mnyama anayeyumbishwa na upepo huku akimlenga samaki.

Witmer na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walipendekeza kwamba ngozi ile pana ya bawa ilikuwa na neva nyingi zilizotuma habari za upepo na mkunjo, na flokulasi ikakua ili kuzipokea. Mimi nalipenda wazo hili, lakini kulipenda wazo si kulithibitisha. Tafiti za mwaka 2013 na 2017 zilipima shimo la flokulasi katika ndege wengi na wanyama wengine, zikaona ukubwa wake peke yake hauonyeshi kwa uhakika uwezo wa kuruka wala namna mnyama anavyoishi. Kwa hiyo mkisoma mahali kwamba flokulasi kubwa ni ushahidi wa rubani hodari, msikubali haraka. Kipande ni kikubwa, hilo halina ubishi. Sababu yake bado inajadiliwa.

Mifereji ya sikio nayo ilitumika kukadiria mkao wa kichwa. Rhamphorhynchus alionekana kukishika sambamba na ardhi, Anhanguera akikiinamisha kwa nyuzi kama 30. Sitakawia hapo.

Nataka tukae kwenye ukubwa wa ubongo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokosea tunapofundisha. Tumezoea kusema kuruka kunahitaji ubongo mkubwa, na mfano wetu ni ndege. Lakini sitiskani za dinosaria wa ukoo wa ndege zinaonyesha ubongo wao ulishaanza kupanuka kabla ya kuruka. Ndege waliurithi. Terosauri, kwa mwili wa ukubwa uleule, walikuwa na ubongo mdogo kuliko wa ndege, ingawa unawazidi reptilia wa kawaida. Sehemu za kunusa zilipungua, za kuona zikapanuka. Na waliruka kwa zaidi ya miaka milioni 150! Kazi ileile ya kuruka ilifanywa na bongo mbili zilizofika huko kwa njia tofauti.

Njia ya terosauri ilianzia wapi? Visukuku vyao vya kale kabisa, vya kipindi cha Triasi, tayari vina mabawa kamili. Kwa muda mrefu hapakuwa na kiungo cha kati. Mwaka 2020 timu ya kimataifa ilionyesha kwamba ndugu zao wa karibu ni lagerpetidi, wanyama wadogo wasioruka, wakiwa na sikio la ndani linalofanana na la terosauri. Mmoja wao ni Ixalerpeton wa Brazil, wa miaka kama milioni 233 iliyopita. Uchunguzi wa ubongo wake uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha sehemu za kuona zilishapanuka. Macho makali yalitangulia bawa.

Tukirudi nyuma zaidi ya lagerpetidi, ndugu zangu, tunafika nyumbani. Wilaya ya Ludewa, mkoa jirani wa Njombe, kwenye bonde la Ruhuhu, kuna miamba ya Manda. Mwaka 1933 Francis Rex Parrington alichukua huko mifupa iliyokaa London kwa miongo mingi bila jina rasmi. Mwaka 2015 mingine ilipatikana bondeni humo, na mwaka 2017 mnyama akatangazwa: Teleocrater rhadinus, mwenye miguu minne, mmoja wa wazee kabisa wa tawi lililozaa dinosaria, ndege na terosauri. Hapa Iringa mnajua maana ya mabaki kukaa ugenini. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Uzito wa mambo haya mawili haulingani hata kidogo, ila naamini kisukuku cha Ludewa kinastahili kusomwa na mtoto wa Ludewa.

Na miamba ya kusini huhifadhi mafuvu. Bonde la Rukwa lilitupa Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno kama ya mamalia, aliyetangazwa mwaka 2010. Taya zake zilikuwa zimefumba, na ni sitiskani iliyofichua meno hayo. Jina lake la pili, kapilimai, ni heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa upande wa terosauri, Tendaguru kule Lindi imetoa Tendaguripterus, anayejulikana kwa kipande cha taya. Fuvu lenye chumba cha ubongo ndilo ninaloliwazia kila nikisikia mvua kubwa, ile inayofukua mifupa, imenyesha upande wa Ruhuhu.

Kwa hiyo mnaotoka Ludewa, mkirudi likizo, semeni na wazee na vijana wachungaji. Akiona jiwe lenye umbo la mfupa kwenye korongo, asichimbe, asilichukue kwenda kuliuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku. Apige picha kama ana simu, akariri mahali, atoe taarifa serikali ya kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Mfupa uking'olewa bila kujulikana umetoka tabaka gani, umri wake unakuwa mgumu kupatikana, na bila umri hatuwezi kumpanga mnyama huyo kwenye njia niliyowaeleza.

Sasa maswali. Tuanze na huyo binti wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja flokulasi.