Stringi Inapovuka Mpaka wa Kerneli

Ndugu zangu, tuanze na jina la faili lenye herufi tano: barua. Katika lugha ya programu ya Go, stringi hii, yaani mfuatano huu wa herufi, ni vitu viwili: anwani ya mahali baiti zinapoanzia, na urefu, yaani 5. Sasa mnataka Linux iifungue faili hiyo kwa wito wa open, yaani ombi ambalo programu inaipelekea kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Wito huo haupokei urefu wa jina. Unapewa anwani tu, na kerneli inasoma baiti moja baada ya nyingine mpaka ikutane na baiti ya sifuri. Ni desturi ya C, lugha ambayo Unix iliandikwa upya kwayo mwaka 1973, na bado tunaishi nayo.

Sifuri ikikosekana, kerneli inaendelea kusoma chochote kilicho jirani. Mtajibiwa kwamba faili haipo, na huku mnaiona. Au mtaambiwa njia ya faili, yaani jina lake kamili, ni ndefu mno, maana kikomo ni baiti 4096. Kwa hiyo tunanakili: baiti sita, ya mwisho sifuri. Kazi hiyo Go imeipa BytePtrFromString; Rust, lugha nyingine ya programu, imeipa CString.

Lakini je, sifuri ikiwa katikati? Hapa naomba tutulie, kwa sababu hapa ndipo watu walipoumizwa. Mtumiaji anatuma jina hili: picha.php, kisha baiti ya sifuri, kisha .jpg. Programu yako inajua urefu, inatazama mwisho, inaona .jpg, inaridhika kwamba ni picha. Kerneli inakomea kwenye sifuri na kushughulikia picha.php, ambayo ni programu. Pande mbili zimesoma jina moja, kila mmoja akaelewa lake. PHP, lugha ya kuandikia tovuti, iliacha mwanya huo wazi kwa miaka, hadi toleo 5.3.4 la mwaka 2010 lilipoanza kuyakataa majina ya faili ya aina hiyo. BytePtrFromString na CString nazo zinarudisha kosa, na kosa hilo msilipuuze kamwe.

Jambo jingine ni uhai wa nakala. Katika Rust, ukiandika CString::new("barua").unwrap().as_ptr() na kuhifadhi matokeo, nakala inafutwa sentensi ile inapoisha. Unabaki na anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Inauma zaidi kwa sababu mara nyingi programu hufanya kazi vizuri siku ya majaribio. Ipe nakala jina lake kwanza, ndipo uombe anwani. Katika Go, kugeuza kielekezi (thamani inayoshika anwani) kuwa uintptr, yaani namba tupu, kufanyike ndani ya mstari uleule wa wito. Ukiiweka namba hiyo pembeni, mkusanya taka, yaani sehemu ya Go inayofuta kumbukumbu isiyotumika, hajui kwamba kumbukumbu ile bado inahitajika.

Windows ina desturi yake: jina huandikwa kwa vipande vya biti 16 badala ya baiti, na sifuri ya mwisho nayo ni ya biti 16.

Kuna aliyeniuliza mlangoni mbona write, wito wa kuandika ndani ya faili, haidai sifuri. Write inapokea anwani pamoja na idadi ya baiti. Ukiipa ile nakala ya baiti sita na kuiambia 6, sifuri itaandikwa ndani ya faili.