Sensa Mpya, Taa Ileile

Ndugu zangu mafundi, asanteni kwa kuacha kazi mchana huu mkaja. Nitazungumzia sensa moja tu, ya joto la maji ya injini, ile ya waya mbili. Ukiielewa hiyo, sensa ya joto la hewa nayo utakuwa umeielewa, na nyingine hazitakutisha.

Mteja analeta gari, taa ya injini inawaka. Mashine ya kupimia gari inasoma P0118, ndiyo kodi, yaani namba ya kosa. Anaambiwa sensa imekufa, nenda dukani. Ananunua isiyo orijino kwa sababu ndiyo anayoimudu, inafungwa, kodi inafutwa, na kesho yake taa inawaka tena. Hapo lawama zote anatupiwa mwenye duka. Jamani, P0118 haikusema sensa ni mbovu. Imesema volti kwenye saketi ya sensa ziko juu mno, na saketi hiyo ni sensa, soketi, waya zote mbili na kontroli boksi yenyewe, yaani kompyuta ya injini. Kumtoa mtu pesa kabla ya kupima si haki.

Kontroli boksi inatuma volti 5 kwa waya mmoja. Waya wa pili ni ethi, yaani njia ya hasi, inayorudi kulekule. Ndani ya sensa upinzani wa umeme hushuka joto likipanda. Sasa chomoa soketi, fungua swichi bila kuwasha injini, tazama mashine. Utaona nyuzi 40 chini ya sifuri, au karibu na hapo, kwa sababu saketi imekatika. Kisha unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya. Namba ikiruka juu ya 120, waya na boksi ni vizima, ubovu uko kwenye sensa au pale inaposhikana na soketi. Isipobadilika, usinunue kitu. Toa kile kipande cha waya, weka multimita: ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye kila pini. Ukipata volti 5 kwenye pini moja, pima pini kwa pini. Zile 5 zikipotea, ethi ndiyo iliyokatika. Na tafadhali, msitoboe waya kwa sindano. Unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi umemtengenezea mwenzio tatizo jipya. Ingiza ncha kwa nyuma ya soketi.

Tatizo linalonikera zaidi ni lile lisilowasha taa. Sensa imefungwa, kodi hakuna, lakini gari linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Sensa ile inatoa namba za gari lingine. Boksi linaamini injini bado ya baridi, linaongeza petroli, na halioni kosa lolote, kwani namba yenyewe inawezekana. Toyota nyingi tunazoshika zinataka upinzani wa takriban omu 2,300 hadi 2,600 kwa nyuzi 20, na kama 310 hadi 330 kwa nyuzi 80. Kitabu cha gari husika ndicho kinachoamua. Pima sensa ndani ya maji ya moto kabla hujaifunga, na tumia kipimajoto, usikisie kwa kuona maji yanachemka. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, Nairobi ni karibu 94.

Kama tayari imefungwa, subiri gari lililolala usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanapaswa kukaribiana sana. Moja likisema 27 na jingine 9, umeshampata.

Sisemi sensa isiyo orijino haifai. Nyingi zinafanya kazi vizuri. Ila zikaguliwe kwenye pini: nyingine ni nyembamba kidogo, soketi ya zamani haizibani, gari likipita kwenye matuta saketi inakatika na kurudi. Hiyo multimita haiwezi kuikamata gari likiwa limetulia. Washa injini, angalia namba kwenye mashine, huku mwenzako akitikisa soketi na waya taratibu, mbali na feni. Namba ikiruka, mahali penyewe ni hapo mkononi mwake.

Lile gari la bluu nje lina P0118 na sensa mpya. Chukueni multimita, tukalipime pamoja.