Kamera Huona Nambari, Haimwoni Dereva

Wazee wetu, mabibi na mabwana wa Malindi, hamjambo.

Nianze na jambo mnalolijua. Tuktuk inayopita hapo nje ina tajiri wake, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye hati ya usajili. Ina dereva wa mchana anayempelekea hesabu jioni. Na usiku ina dereva mwingine, pengine binamu wa yule wa kwanza. Kamera ya kupima kasi ikiipiga picha, tukijalia kwamba tuktuk yaweza kufikia mwendo wa kutozwa faini, itapata nambari, saa na kasi. Mtu haitampata, na hapo ndipo ubishi wa kisheria ulipozukia.

Nchini Uingereza, kifungu cha 172 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988 humtaka mwenye gari amtaje aliyekuwa akiliendesha, na kukataa kwenyewe ni kosa. Gerard O'Halloran na Idris Francis walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu wakidai kwamba walilazimishwa kujishtaki wenyewe. Tarehe 29 Juni 2007 walishindwa, majaji 15 kwa 2: anayeamua kumiliki gari na kuliendesha, ilisema mahakama, amekubali na masharti yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo la Missouri, Marekani, ilikwenda njia nyingine katika kesi ya kamera za taa nyekundu za St. Louis, ikabatilisha sheria ndogo iliyomhesabu mwenye gari kuwa ndiye dereva mpaka athibitishe vinginevyo.

Mimi naegemea Missouri. Kifungu cha 50(2) cha Katiba yetu ya 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kinamruhusu kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Tajiri na aulizwe. Asihukumiwe kwa jina lililo kwenye hati, hasa pale ambapo gari liliuzwa zamani na hati haikubadilishwa.

Tena mashine hukosea. Mwaka 2012 gazeti moja la mji wa Baltimore, Marekani, lilifichua gari lililoandikiwa faini kwa mwendo wa maili 38 kwa saa, ilhali video ya kamera ile ile ililionyesha limesimama kwenye taa. Ndiyo maana kamera za kupima kasi aina ya Gatso, kule Uingereza, hupiga picha mbili, zikiachana nusu sekunde, na barabarani huchorwa mistari myeupe inayoonyesha gari limesogea umbali gani: ili mshtakiwa mwenye kalamu apige hesabu mwenyewe.