Gunia la Korosho na Hesabu ya Biashara ya Dunia

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi, nimeombwa kuzungumzia mwenendo wa mauzo ya bidhaa duniani na fungu la nchi zinazoendelea katika mauzo hayo. Nitaanza na takwimu, kisha niwapeleke Mtwara, mkoa wa kusini mwa Tanzania unaolima korosho, kwa kuwa takwimu hizi husema gunia ni la nani zikanyamaza juu ya kilichomo ndani yake.

Mwaka 1948 nchi zote duniani ziliuza nje bidhaa zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 59 hivi, na kufikia mwaka 2022 thamani hiyo ilikuwa imekaribia dola trilioni 25. Sehemu ya ongezeko hilo ni bei tu kupanda, ndiyo maana thamani haina budi kutazamwa pamoja na kiasi, yaani wingi wa bidhaa zenyewe. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha, vyote viwili vilianguka: thamani kwa zaidi ya moja ya tano, kiasi kwa takriban asilimia 12. Mwaka 2015 vilipishana. Thamani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa sababu bei ya mafuta na ya malighafi nyingine iliporomoka huku dola ikipata nguvu, ilhali kiasi cha shehena kiliongezeka kidogo. Muuzaji wa mafuta ghafi aliweza kupakia meli zile zile za mwaka uliotangulia na bado akakosa fedha za kulipa mishahara.

Nikija kwenye fungu, mwaka 2000 nchi zinazoendelea zilikuwa na takriban theluthi moja ya mauzo yote, na leo zina zaidi ya asilimia 40. Siikatai habari hiyo, ila naomba tuulize ni nani hasa aliyekua. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na mwaka 2009 ikaipita Ujerumani na kuwa muuzaji mkubwa kuliko wote. Afrika, iliyokuwa na zaidi ya asilimia 7 mwaka 1948, sasa haifikishi asilimia 3. (Ile asilimia 7 nayo tusiionee fahari mno: ilikuwa dhahabu, shaba, pamba na katani za makoloni, tena Ulaya ilikuwa bado haijainuka kutoka vitani.) Nchi maskini zaidi, ambazo Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yalitaka fungu lao liongezeke maradufu ifikapo 2020, ziliufikia mwaka huo zikiwa bado na asilimia 1 hivi.

Sasa Mtwara. Mkulima hupeleka korosho ghafi katika chama chake cha msingi cha ushirika, zikapimwa, kisha zikasubiri mnada ghalani. Mkaguzi huchukua sampuli, akazikata korosho moja moja, akatenga nzima na mbovu, halafu akataja ubora kwa paundi, yaani uzito wa kiini kinachopatikana katika gunia la kilo 80. Gunia la paundi 48 ni gunia zuri, na paundi hizo hazifiki kilo 22. Kwa hiyo meli inayokwenda Vietnam au India imebeba maganda mengi kuliko viini. Vietnam huzibangua, yaani huzitoa maganda, huzipanga kwa madaraja na kuziuza Marekani na Ulaya. Na katika takwimu korosho ile ile huhesabiwa mara mbili, kwanza kama mauzo ya Tanzania, kisha kama mauzo ya Vietnam kwa bei kamili, ikiwamo ile aliyokwisha kulipwa mkulima wa Mtwara. Mara zote mbili fungu la nchi zinazoendelea huongezeka.

Si kwamba hatukujaribu kubangua wenyewe. Viwanda vilijengwa miaka ya 1970 na 1980, wakati mavuno yakiporomoka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mashine zilikosa korosho, vingi vikasimama, na mavuno yaliporudi baadhi ya majengo hayo yakawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.